Mapenzi ya Katuni za Kijapani: Uchambuzi kutoka Mtaa wa Dallas, Embu

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Embu hupita kwanza kando ya mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo tangu mwaka 2022 yanywa maji ya bwawa la Thiba lililojengwa kwa mkopo wa Japani, kisha hupanda taratibu mpaka mjini, naye aghalabu yumo ndani ya gari lililoundwa Japani. Na kwa kuwa mambo haya mawili, wali na gari, yamekwisha kuzoeleka, hakuna mkaazi wa miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya aonaye ajabu kwamba nchi ya mbali kama ile imo katika sahani yake na katika safari yake. Ajabu huonekana katika jambo la tatu. Katika mtaa wa Dallas, ambao ni mmojawapo wa mitaa ya mji wa Embu yenye watu wengi na nyumba za kupanga zilizosongamana, kijana aendeshaye bodaboda, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba kimoja, na mtoto wa shule aliyerudi likizo, waweza kutofautiana kwa lugha ya nyumbani, kwa dini na kwa chama cha siasa, walakini wakakutana katika jina la Naruto, mvulana wa katuni za Kijapani, wakabishana juu yake kwa ghera na kwa hoja ambazo laiti walimu wao wangezisikia darasani wangezifurahia.

Swali la kwa nini katuni hizi, ambazo vijana wenyewe huziita anime, hupendwa kiasi hiki limejibiwa mara nyingi kwa haraka. Wazazi husema kwamba katuni ni burudani ya watoto, na kwamba mtu mzima azitazamaye hajauaga utoto. Wengine, ambao wametazama kwa makini kidogo zaidi, husema kwamba kinachopendwa ni mapigano na rangi, pamoja na ladha ya ugeni. Katika majibu yote mawili mna chembe ya kweli, lakini hayatoshi: mapigano yamo tele katika sinema za Marekani, za Uhindi na za Uchina, na ugeni ni kitu kichakaacho upesi, ilhali mapenzi haya yamedumu kwa watu wengi tangu shule ya msingi mpaka siku za kulea watoto wao wenyewe. Rai yangu ni kwamba katuni za Kijapani hupendwa hasa kwa sababu zina subira ya kumwonyesha mwanadamu akikua. Humtwaa mtu dhaifu, aghalabu mtoto asiyehesabiwa na yeyote, zikaandamana naye kwa miaka, zikamwonyesha akijaribu, akishindwa, akifunzwa, akijaribu tena. Na sababu nyingine zote za kupendwa kwake, nazo ni nyingi, huuzunguka msingi huu.

Yafaa tuangalie kwanza jinsi zilivyofika, kwa maana njia ya kufika yaeleza sehemu ya mapenzi yenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya Sony ilifungua katika king'amuzi cha DStv idhaa ya Animax, iliyokuwa ya katuni za Kijapani kwa watazamaji wa Afrika, ikaifunga mwaka 2010. Wala idhaa hiyo haikuwa ya watu wa vyumba vya kupanga, ambao ada ya king'amuzi hicho ilikuwa juu ya uwezo wao. Kilichowafikia hao ni waya za intaneti zipitazo chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa mwaka 2009 na kuipunguza gharama ya mtandao nchini kote, na baada yake vibanda vya sinema, ambavyo vilikuwa vikinakili filamu katika sahani za DVD, kisha vikahamia katika flashi. Kijana humpelekea mtu wa muvi flashi yake, akamtajia msimu autakao, akalipa shilingi chache, akarudi nyumbani na vipindi vya kumtosha juma zima. Sitaficha kwamba biashara hii kwa kiasi kikubwa ilikwenda kinyume cha sheria ya hakimiliki, na kwamba wachoraji wa Tokyo, ambao wengi wao hufanya kazi ndefu kwa ujira mdogo, hawakupata senti kutoka humo. Na jambo hilo lawapasa wapenzi wa sanaa hii kulifikiri kwa insafu. Lakini latufundisha kitu kimoja pia. Hakuna wakala aliyetumwa Embu kuzitangaza katuni hizi, hakuna mabango yaliyobandikwa, wala serikali yoyote haikuzipeleka kwa hisani. Vijana walizitafuta wenyewe, wakaambizana wenyewe, na mapenzi yaliyopatikana hivyo hayawezi kuitwa ulaghai wa matangazo.

Zilikuja vilevile bila msimulizi. Afrika Mashariki ina desturi yake ya kutazama sinema za kigeni kwa msaada wa mtu asimamaye kati ya picha na hadhira: Tanzania ilikuwa na Lufufu, Uganda ina wale waitwao maveejay, na Kenya ina DJ Afro, ambao hutafsiri, huongeza mizaha, na humpa shujaa wa Kichina au wa Kimarekani maneno ya mtaani. Mtazamaji wa katuni za Kijapani aghalabu hana mtu wa namna hiyo. Husikia Kijapani kwa masikio, husoma Kiingereza kwa macho chini ya picha, kisha, kipindi kikiisha, hutoka nje akaeleza aliyoyaona kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Kiembu au kwa Kimeru. Kwa hiyo kazi ya msimulizi imetoka ukumbini ikahamia barazani, na kila mtazamaji amekuwa msimulizi wa mwenzake. Nadhani wachunguzi wengi hulipuuza jambo hili. Nusu ya ladha ya katuni hizi imo katika mazungumzo yafuatayo: nani ana nguvu zaidi ya nani, mwalimu gani alikosea, adui yupi alikuwa na haki, na hadithi iendeleayo kwa miaka huwapa marafiki jambo la kuzungumza kwa miaka, ambapo filamu ya saa mbili huwapa jioni moja.

Tuingie sasa katika sanaa yenyewe. Tarehe 1 Januari 1963 televisheni ya Fuji ilianza kuonyesha Tetsuwan Atom, hadithi ya mvulana wa chuma iliyobuniwa na Osamu Tezuka, ambayo Wamarekani waliipa jina la Astro Boy. Nayo ilitengenezwa kwa fedha haba na kwa muda haba, kipindi kimoja kila juma. Sekunde moja ya sinema hupitisha picha 24, na katika kazi kubwa za Hollywood za zama zile mchoro mmoja ulitumika kwa picha moja au mbili. Tezuka na wenzake waliushikilia mchoro mmoja kwa picha tatu na zaidi, wakaitumia tena michoro ya zamani, wakausogeza mdomo peke yake juu ya uso uliotulia, na wakaiachia sauti ya mwigizaji na muziki mzigo ambao mkono haukuwa na muda wa kuubeba. Jambo lililozaliwa na ufukara likageuka kuwa fani. Kwa kuwa mwili hauwezi kucheza wakati wote, uso ndio uliopewa kazi, na macho, ambayo Tezuka aliyachora makubwa kwa kuathiriwa na katuni za Walt Disney, yakawa mlango wa dhamiri. Mhusika husimama kimya, upepo ukapita katika nywele zake, machozi yakajaa bila kudondoka, na mtazamaji akapewa nafasi ya kuwaza kile akiwazacho mhusika. Mtu aliyezoea katuni ambazo kila kitu kinaruka na kugongana hushangazwa na utulivu huu mara ya kwanza. Baada ya vipindi kumi huona kwamba zile nyingine zina haraka mno.

Lakini utulivu wa dakika ni kitu kidogo tukiulinganisha na urefu wa miaka, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Masashi Kishimoto alianza kuichora Naruto mwaka 1999, akaimaliza mwaka 2014. Katuni yake ilianza katika televisheni mwaka 2002, ikaisha mwaka 2017, na jumla ya vipindi vya sehemu zake mbili ni 720. Mtu akivitazama vyote atakuwa amekaa na mvulana mmoja kwa zaidi ya saa 250. Mvulana huyo ni yatima. Kijiji kizima chamwepuka kwa sababu mnyama mwovu amefungwa ndani ya mwili wake, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulichagua wala hakuambiwa. Ameshindwa mtihani wa kuhitimu mara tatu. Na wa kwanza kumtambua kuwa mtu ni mwalimu wake Iruka, ambaye wazazi wake mwenyewe waliuawa na mnyama yule yule. Hadithi yaanzia hapo, katika aibu ya mtoto na msamaha wa mwalimu, kisha yatuchukua polepole katika mafunzo, vikosi vya watu watatu watatu, daraja za cheo, safari, na mitihani ambayo sehemu yake ya kwanza, ajabu iliyoje, ni karatasi ya maswali katika chumba chenye wasimamizi wakali.

Nani Kenya asiyekijua chumba kile? Tangu mwaka 1985 mpaka mwaka 2023 mtihani wa darasa la nane ulikuwa ukiwapepeta watoto wa nchi hii kila mwaka, na ule wa kidato cha nne ungali ukifanya hivyo. Herufi moja juu ya karatasi yaweza kumpeleka mmoja chuo kikuu na mwenzake aliyekaa naye dawati moja ikamrudisha mtaani kutafuta kibarua. Katika mtaa kama Dallas watu wa aina zote mbili hukaa mlango kwa mlango. Elimu yetu ni hodari katika kuhesabu matokeo, lakini ni maskini katika kuheshimu jitihada iliyoyatangulia, na mtoto aliyepata alama ndogo baada ya kufanya bidii kubwa hana mahali popote ambapo bidii yake imeandikwa. Katuni ya Kijapani ni daftari la bidii. Rock Lee, mwanafunzi asiye na kipaji cha sihiri yoyote wanayojifunza wenzake, huamua kuutegemea mwili wake peke yake, akajifunga mizigo mizito miguuni kwa ajili ya mazoezi. Na siku anapoivua mbele ya mpinzani aliye juu yake kwa kila kipawa, mtazamaji hufurahi kwa sababu anajua kila asubuhi iliyoingia katika mizigo ile. Kisha Lee hushindwa, akavunjwa mkono na mguu. Kipindi hicho hukumbukwa na vijana kuliko vipindi vingi vya ushindi, nami nafikiri ni kwa sababu kinakiri jambo ambalo wazazi na walimu huliogopa, kwamba mtu aweza kufanya kila lililo sahihi na bado akashindwa, na asipoteze heshima yake.

Tena, mkaazi wa nchi hii ya mlima hakutani hapo na mambo mageni. Wameru walikuwa na nthuke, yaani rika la watu waliotahiriwa pamoja, waliokaa pamoja katika gaaru, nyumba ya mashujaa vijana, wakafundishwa na wakubwa wao, wakapanda daraja kwa pamoja hadi walipokuwa wazee. Na Waembu, Wambeere, Wachuka na Watharaka walikuwa na taratibu zinazofanana na hizo. Gaaru zimekwisha, na ingawa tohara ingalipo, mafunzo yaliyoambatana nayo yamefupizwa yakawa majuma machache ya likizo. Lakini haja ya kuwa na rika haipungui kwa kuvunjwa nyumba zake. Katika kikosi cha Naruto, katika merikebu ya maharamia wa One Piece, ambayo Eiichiro Oda anaichora tangu mwaka 1997 na ambayo vipindi vyake vya televisheni vilipita 1,000 mwaka 2021, kijana huona lile alilosimuliwa na babu yake bila kulipata: kundi dogo la watu wasiofanana kwa tabia, waliofungwa na ahadi, wenye mkubwa wa kuwaonya na kazi ya kuwapima.

Hata hivyo sipendi kulipamba jambo hili kupita haki yake, kwa kuwa katuni zizo hizo huivunja ahadi yao. Naruto aliyekataliwa na wote hudhihirika hatimaye kuwa mwana wa mkuu wa nne wa kijiji, na zaidi ya hayo, kuwa na uhusiano wa kiroho na ukoo wa kale wenye baraka. Goku wa Dragon Ball, ambaye Akira Toriyama, aliyefariki mwaka 2024, alianza kumchora mwaka 1984 kama mtoto wa msituni mwenye mkia, huja kujulikana kuwa wa kabila la mashujaa kutoka sayari nyingine. Rock Lee naye, kadiri hadithi iendeleavyo, huachwa nyuma. Basi nasaba huingia kwa mlango wa nyuma na kuitwaa taji iliyofumwa na bidii. Hii ni ila kubwa, na vijana wenyewe huiona. Nimesikia mabishano juu yake yaliyokuwa makali kuliko mabishano ya siasa, yamkini kwa sababu ndiyo siasa yenyewe kwa sura nyingine, maana nani katika Kenya asiyejua uchungu wa kuambiwa kwamba bidii hulipa, kisha akaona majina ya ukoo yakitangulia mbele ya bidii? Ajabu ni kwamba mapenzi hayafi kwa ila hiyo. Mtazamaji huwasamehe waandishi mwisho wa hadithi kwa ajili ya mwanzo na katikati yake, kwa kuwa saa zile mia kadhaa za kukua ndizo alizoishi, na siri ya nasaba ilipofichuliwa yeye alikuwa amekwisha kuamini.

Jambo la pili litokanalo na urefu ni namna ya kumtendea adui. Filamu fupi humhitaji mtu mbaya aliye mbaya tu, ili afe bila kuombolezwa na watu warudi nyumbani. Hadithi ndefu ina nafasi ya kuuliza alitoka wapi. Zabuza, mmoja wa wauaji wa kwanza ambao Naruto anapambana nao, hufa akilia kwa ajili ya mtoto aliyemlea kama silaha tu. Nagato, anayekiteketeza kijiji kizima, ni mwana wa nchi ndogo iliyokanyagwa na majeshi ya nchi kubwa zilizopigana ndani ya ardhi yake, na swali lake, la jinsi ambavyo chuki inaweza kukoma baina ya watu waliouana, Naruto hawezi kulijibu kwa ngumi. Katika Attack on Titan ya Hajime Isayama, iliyoonyeshwa baina ya mwaka 2013 na 2023, waliokuwa wanyonge ndani ya kuta huja kuwa watesi wa ulimwengu, na mtazamaji hulazimika kuhesabu upya huruma zake zote. Hayao Miyazaki naye, katika Princess Mononoke ya mwaka 1997, alimchora bibi anayekata msitu wa miungu ili ayeyushe chuma, na bibi huyo huyo ndiye aliyewapa hifadhi wakoma na wanawake waliokuwa wameuzwa. Mtu wa Embu, ambaye ameona msitu wa Mlima Kenya ukililiwa na watetezi wake na huku ukiwalisha wenye njaa, hahitaji kufafanuliwa kwamba pande zote mbili zina watoto wa kulisha.

Na wasimulizi wetu wa kale waliijua fani hii. Fumo Liyongo wa pwani, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, aliuawa na mwanawe mwenyewe aliyeahidiwa makuu. Luanda Magere wa Waluo, ambaye mwili wake ulikuwa wa jiwe, alidhurika kwa kivuli chake. Wameru nao husimulia kwamba wazee wao waliishi utumwani katika kisiwa kiitwacho Mbwaa, ambacho wanahistoria wengine hukihusisha na Manda karibu na Lamu, chini ya watu waitwao Nguo Nyekundu, waliowapa mitihani isiyowezekana: kiatu chenye manyoya pande zote mbili, mkuki ufikao mawinguni, tunda la kutolewa shimoni bila kuinama; na kwamba Koomenjwe, kiongozi wao, aliishinda mmoja baada ya mmoja kwa hila, mpaka akawavusha watu wake majini usiku. Mitihani ipandayo kwa ugumu, mtesi mwenye nguvu, akili ya mnyonge, udhaifu uliofichwa, usaliti wa mpendwa: kijana aliyelelewa na hekaya hizi, au aliyezikosa na moyo wake ukabaki na njaa yake, akifika kwenye katuni ya Kijapani huwa amefika mahali anapopafahamu.

Liko jambo jingine, zito kuliko hayo, nalo ni huzuni. Mwaka 1988 Isao Takahata alitoa Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, juu ya kaka na dada wawili, Seita na Setsuko, wanaokufa kwa njaa baada ya mji wa Kobe kupigwa mabomu mwaka 1945. Na Takahata mwenyewe, alipokuwa mtoto, alinusurika katika moto wa mji wa Okayama mwaka ule ule. Taifa la Japani, ambalo lilikuwa limewaonea jirani zake na kisha likaunguzwa, lilichagua kuyasema baadhi ya maumivu yake kwa mkono wa mchora katuni, na likamwamini mtoto kwamba aweza kuyatazama. Katika miteremko hii ya mlima, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, maelfu ya familia za Waembu na Wameru ziliondolewa katika makazi yao na kukusanywa katika vijiji vyenye handaki na walinzi, huku wanaume wakiwa msituni au vizuizini. Musa Mwariama wa Meru alitoka msituni mwaka 1963, na picha yake akiwa na Jomo Kenyatta inajulikana. Lakini watoto wa vijiji vile, walioona njaa na amri ya kutotoka nje, wamezeeka na wengine wamekufa, na sijaona katuni iliyowachora. Ninapomwona kijana wa Dallas akilia kwa ajili ya Setsuko, simlaumu kwamba analilia wageni. Nasikitika kwamba bibi yake, aliyekuwa na umri wa Setsuko katika kijiji cha namna ile, hajapata mchoraji.

Wako wanaozipinga katuni hizi kwa sababu ambazo hazifai kudharauliwa. Wahubiri huchukizwa na mashetani na miungu ya mauti iliyojaa ndani yake. Nami huwajibu kwamba ikiwa majini wa Alfu Lela Ulela hawakuwapotosha wasomaji wa Kiswahili, basi mashetani wa katuni ya Demon Slayer nao wahukumiwe kwa funzo walilobeba. Mwaka 2017 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilipopiga marufuku katuni sita za televisheni kwa hoja ya maadili, zote sita zilikuwa za Marekani, dalili kwamba wakubwa walikuwa hawajajua watoto wao wanatazama nini. Hoja iliyo na nguvu zaidi ni ya wanawake. Katika katuni nyingi za mapigano miili ya wasichana huchorwa kwa tamaa, na bidii yao hupewa dakika chache ambapo ya wavulana hupewa misimu. Hapo wapinzani wana haki kamili, na mpenzi wa sanaa hii asiyekiri hivyo hana uadilifu. Dawa imo ndani ya sanaa yenyewe: Chihiro wa Spirited Away, filamu ya Miyazaki ya mwaka 2001 iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2003, ni msichana wa miaka kumi ambaye hamuui mtu yeyote, ila huosha sakafu, hubeba makaa, huwahudumia wageni wachafu, na kwa kazi hiyo hupata ujasiri aliokuwa hana.

Lililobaki ni swali la kutengeneza, kwa sababu mapenzi ya kweli humfanya apendaye atamani kutenda. Kipaji kipo. Katika mkusanyiko wa Kizazi Moto, ulioonyeshwa na Disney mwaka 2023, Ng'endo Mukii wa Kenya alitoa Enkai na Raymond Malinga wa Uganda akatoa Herderboy. Na kabla ya hapo watengenezaji wa Nairobi walishiriki katika Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Lakini kila moja ya kazi za Kizazi Moto ni ya dakika chache, na hoja yangu tangu mwanzo ni juu ya urefu. Wajapani hawakuanza urefu wao katika televisheni. Waliuanza katika karatasi rahisi na wino mweusi. Jarida la Shonen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968, hutoka kila juma, na katikati ya miaka ya 1990 lilifikia nakala zaidi ya milioni 6 kwa toleo moja. Wasomaji hupiga kura, hadithi isiyopendwa hukatizwa, na ipendwayo humlipa mchoraji wake mpaka aimalize, hata ikichukua miaka 15 kama ilivyomchukua Kishimoto. Nasi tumekuwa na vipande vya utaratibu huu: Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, jarida la Sani huko Tanzania, na Shujaaz, kijarida cha Sheng kilichoanza mwaka 2010, kikagawiwa bure ndani ya gazeti la Saturday Nation na katika vibanda vya M-Pesa, kikapata tuzo ya Emmy ya Kimataifa mwaka 2012. Shujaaz ilithibitisha kwamba karatasi zilizochorwa zaweza kufika mpaka miji midogo ya mlimani na kusomwa na vijana wasionunua vitabu. Tusichokipata bado ni mchapishaji atakayemwambia mchoraji mmoja kwamba atamlipa kila juma, mwaka baada ya mwaka, akae na mtoto mmoja wa Mbwaa tangu utumwani, katika mitihani, majini, na safari ndefu ya kuufuata mto Tana hadi mlimani.